Nyoka mchanga shambani: jinsi ya kumtambua na mipaka ya utambuzi wenyewe

Wakulima wa Malindi, kuanzia Ganda na Kakuyuni hadi Jilore na mashamba yanayopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, wanalifahamu vyema jambo hili: mtu anapofyeka kichaka, anapochimbua mihogo au anapoinua rundo la makuti yaliyokaa chini ya mnazi, mara hujitokeza nyoka mdogo ambaye urefu wake haufiki hata shibiri mbili. Walio karibu hutoa majibu kwa haraka, na mara nyingi majibu hayo hupingana. Mmoja husema ni mtoto wa kifutu, mwingine husema ni chatu, wa tatu husema huyo ni mdogo mno kuwa na sumu. Makala haya yanaeleza kwa nini majibu hayo hupingana, ni dalili zipi zinazoweza kutegemewa na zipi zinazopotosha, na mahali ambapo hata mtaalamu hulazimika kusita.

Ugumu wa kwanza unatokana na umri wenyewe. Picha nyingi za nyoka tunazoziona vitabuni na kwenye simu ni za nyoka waliokomaa, ilhali rangi na maumbo ya nyoka kadhaa wa pwani hubadilika sana wanapokua. Koboko wa kijani, anayeishi kwenye miembe, mikorosho na minazi ya ukanda huu, huanguliwa akiwa na rangi ya kijani inayoelekea buluu, na hupata ule ukijani mkali anaojulikana nao baada ya kukua. Koboko mweusi mchanga huwa na rangi ya kijivu iliyopauka au ya zeituni, na hata akikomaa mwili wake hauwi mweusi. Weusi anaoitiwa jina uko ndani ya kinywa. Wapo pia nyoka wasio na madhara ambao wachanga wao huwa na mikanda ya giza sehemu ya mbele ya mwili, na mikanda hiyo hufifia kadiri miaka inavyopita, hata mtu aliyewazoea wakubwa akawaona wadogo kama nyoka wengine kabisa.

Urefu nao haumalizi hoja. Koboko mweusi huanguliwa akiwa na urefu wa kati ya sentimita 40 na 60, na katika mwaka wake wa kwanza anaweza kukaribia mita 2, ilhali kuna nyoka wa mashambani ambao wakishakomaa kabisa hawamfikii koboko aliyeanguliwa leo. Kwa hiyo nyoka mfupi si lazima awe mchanga, na nyoka mchanga si lazima awe mfupi. Isitoshe, watoto wa nyoka wa aina nyingi huwa na kichwa kikubwa na macho makubwa kuliko unavyotarajia ukilinganisha na mwili wao mwembamba, jambo linalowafanya watu waone "kichwa cha nyoka wa sumu" hata pale pasipo na sumu yoyote.

Si wakulima peke yao wanaotatizwa na mambo haya. Kwa miaka mingi, fira mkubwa wa rangi ya kahawia anayetema sumu, aliyekuwa akipatikana katika maeneo ya Watamu na kwingineko mashariki mwa Kenya, alihesabiwa kuwa ni sura tu ya fira mwenye shingo nyeusi anayejulikana sehemu nyingi za Afrika. Ilikuwa mwaka 2007 tu ambapo Wolfgang Wüster na Donald Broadley walimweleza rasmi kuwa ni spishi ya peke yake, wakaiita Naja ashei kwa heshima ya James Ashe, mtaalamu wa nyoka aliyeanzisha kituo cha Bio-Ken huko Watamu mwaka 1980 akishirikiana na mkewe, Sanda. Ikiwa fira anayezidi urefu wa mita 2 aliweza kuishi kandokando ya makazi ya watu na watafiti bila kupewa nafasi yake sahihi, basi mtu asione haya kusema kwamba hamjui nyoka wa sentimita 30 aliyemwona kwa sekunde chache akiingia kwenye majani.

Yapo mambo manne ambayo hurudiwa sana na ambayo yanafaa kuwekwa kando kabla ya kwenda mbele. La kwanza ni kwamba nyoka mwenye sumu hutambulika kwa kichwa cha pembetatu. Kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma, ana kichwa cha namna hiyo kweli, lakini koboko wote wawili wana kichwa chembamba na kirefu, na fira ana kichwa ambacho hakijitengi waziwazi na shingo. Kwa upande mwingine, nyoka mla-mayai, ambaye hana sumu na karibu hana meno, anapotishwa hukitandaza kichwa chake kikawa cha pembetatu, akajikunja na kuyasugua magamba ya ubavuni hadi yakatoa sauti ya kukwaruza inayofanana na mfoko wa nyoka hatari. La pili ni kwamba mboni iliyosimama wima ni dalili ya sumu. Hapa pwani kanuni hiyo hupotosha vibaya sana: chatu, nyoka wa nyumbani na mla-mayai wana mboni za wima, na hakuna hata mmoja kati yao mwenye sumu, ilhali koboko na fira wana mboni za duara.

La tatu ni dhana kwamba nyoka mchanga hana sumu. Nyoka wa sumu huzaliwa au huanguliwa akiwa na tezi za sumu na meno yake tayari, na anaweza kuuma siku hiyohiyo. Lakini la nne nalo, lile lisemalo kwamba mtoto wa nyoka ni hatari kuliko mama yake kwa sababu hajui kuidhibiti sumu, halina msingi. Nyoka mkubwa ana sumu nyingi zaidi na meno marefu zaidi, na kwa kawaida madhara yake ndiyo makubwa. Ukweli ulio katikati ya dhana hizi mbili ni kwamba mchanga hubeba kidogo, na kidogo hicho kinaweza kutosha kumdhuru mtu vibaya, hasa mtoto.

Baada ya kuziweka kando dalili hizo, swali linalobaki ni hili: ni kitu gani katika mwili wa nyoka kisichobadilika na umri? Jibu lenye nguvu kuliko yote ni magamba. Nyoka hazidishi magamba anapokua. Magamba aliyotoka nayo kwenye yai ndiyo atakayokufa nayo, ila hukua pamoja na mwili. Ndiyo maana wataalamu, wanapotaka kuwa na uhakika, huhesabu safu za magamba katikati ya mwili, kuanzia ukingo mmoja wa tumbo, kupitia mgongoni, hadi ukingo wa pili. Vikukwi wa kijani wasio na madhara wana safu zisizozidi 15. Koboko wa kijani huwa na safu kati ya 17 na 21, na koboko mweusi mara nyingi 23 au 25. Kifutu anaweza kuwa na zaidi ya 30. Hesabu hiyo huendelea kuwa ileile, awe ametoka kwenye yai asubuhi hii au awe ameishi miaka kumi.

Ni wazi kwamba hakuna mwenye akili timamu atakayemshika nyoka hai ili amhesabu magamba, na sipendekezi jambo hilo hata kidogo. Hata hivyo, nyoka hujivua ngozi, na wachanga huanza kujivua mapema, mara nyingi katika wiki mbili za mwanzo. Ngozi hiyo, inayopatikana kwenye mawe, chini ya makuti au katika nyufa za ukuta wa udongo, hubeba alama zote za mwenyewe: safu za magamba, umbo la vibamba vya kichwani, hata kile kifuniko angavu cha jicho. Hubeba pia alama nyingine yenye thamani, yaani kama magamba ni laini au kama kila gamba lina mstari ulioinuka katikati yake. Koboko, fira, chatu na nyoka wa nyumbani wana magamba laini. Kifutu na mla-mayai wana magamba yenye mstari, nao huonekana wakavu na wasiong'aa. Mkulima anayeipata ngozi hiyo kamili, akaihifadhi bila kuikunja na kumpelekea anayejua, ametoa ushahidi bora kuliko maelezo yoyote ya mdomo, tena bila kujihatarisha. Jambo moja la kukumbuka ni kwamba ngozi hunyooka inapovuliwa, kwa hiyo huwa ndefu kuliko nyoka mwenyewe.

Pasipo na ngozi, msaada unaofuata ni kuangalia mahali nyoka alipoonekana pamoja na umbo lake lote, si alama moja pekee. Tuanze na ardhini. Nyoka mwenye mwili mfupi na mnene, mkia mfupi sana, magamba makavu, na mgongo wenye mfululizo wa alama za herufi V zinazoelekeza ncha mkiani, ni wa kuchukuliwa kuwa kifutu. Yeye hatagi mayai bali huzaa watoto hai, mara nyingi kati ya 20 na 40 kwa mara moja, na kila mmoja huzaliwa akiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 20 hivi. Huyu ndiye anayechanganywa na chatu mchanga, kwa kuwa wote wawili wana rangi za kahawia na mabaka. Lakini chatu hutoka kwenye yai akiwa tayari na kiasi cha nusu mita au zaidi, ngozi yake ni laini na ya kung'aa, mabaka yake hayana mpangilio wa V, na kwenye midomo yake kuna vishimo vidogo vya kuhisi joto la windo. Kwa hiyo nyoka wa mabaka mwenye urefu wa shibiri moja tu karibu hawezi kuwa chatu. Tofauti hii ndogo ina uzito mkubwa, kwa maana watu wanaoamini kuwa wameokota mtoto wa chatu huwa na ujasiri wa kumshika.

Nyoka wa nyumbani, anayekula panya na ambaye kwa kweli ni rafiki wa ghala la mahindi, ana rangi ya kahawia na mistari miwili iliyopauka kila upande wa kichwa, mmoja wake ukianzia puani na kupita kwenye jicho. Mistari hiyo huonekana vizuri hata kwa wachanga, na ni miongoni mwa alama chache ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzisoma kwenye picha iliyopigwa kwa mbali.

Chini ya udongo ndiko kwenye mtego ninaouhofia kuliko mingine yote. Jembe likichimbua kiumbe mwembamba, anayeng'aa, ambaye ncha zake mbili zinafanana na macho yake ni vitone tu vilivyofunikwa na magamba, huenda huyo ni nyoka kipofu, anayekula mchwa na siafu na asiyeweza kumdhuru mtu. Lakini katika udongo huohuo huishi nyoka wa jenasi Atractaspis, naye ni mwembamba, mweusi au wa kahawia iliyokolea, anang'aa, ana macho madogo, na mkia wake huishia ghafla kwa ncha kama mwiba. Meno yake ya sumu ni marefu na hutokea kando ya mdomo bila yeye kulazimika kuufungua, kwa hiyo yule anayemshika nyuma ya kichwa, kwa namna ambayo watu hudhani ni salama, ndiye anayechomwa. Sumu yake huleta maumivu makali na uvimbe, inaweza kuua nyama ya kidole, na dawa za kawaida za sumu ya nyoka haziikingi. Ishara inayosaidia ni tabia yake ya kuipinda shingo na kuielekeza pua ardhini anapobughudhiwa. Kwa mtu wa shambani, hata hivyo, uamuzi wa busara ni rahisi zaidi kuliko utambuzi: nyoka yeyote mdogo, mweusi na wa kung'aa aliyetoka udongoni asiguswe kwa mkono.

Juu ya miti, mkanganyiko mkubwa ni wa rangi ya kijani. Ukukwi ni mwembamba mno, ana macho makubwa, hutembea mchana akifukuza mijusi na vyura, na hutoweka upesi. Huuawa kwa wingi kwa sababu ya kudhaniwa koboko. Koboko wa kijani mchanga ana kichwa kirefu kilichonyooka, jicho dogo kwa kulinganisha na kichwa hicho, na rangi isiyo na madoa. Tofauti zipo, lakini kati ya majani ya mwembe, jua likiwa machoni, sioni kwamba mtu anaweza kuzitegemea kuyaweka maisha yake rehani.

Kuna mwingine wa mitini ambaye uchanga wake ndio unaomficha. Huyo ni nyoka anayeitwa kwa Kiafrikana boomslang, aliyeenea sehemu nyingi za Afrika, pwani yetu ikiwemo. Wakubwa wake wanaweza kuwa wa kijani, wa kahawia au hata weusi. Mchanga wake hana rangi hizo: mwili ni wa kijivu na kahawia kama kijiti kikavu, utosi ni wa giza, koo ni jeupe au la manjano, na jicho ni kubwa ajabu lenye rangi ya kijani ya zumaridi. Akitishwa huivimbisha shingo, na hapo vitone vya buluu huonekana kwenye ngozi iliyo kati ya magamba. Ni mpole, na kichwa chake kifupi cha mviringo hakimtishi mtu yeyote.

Kisa cha Karl Schmidt kinaonyesha gharama ya upole huo. Schmidt alikuwa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa nyoka duniani, akifanya kazi katika jumba la makumbusho la Field huko Chicago. Mnamo Septemba 1957, bustani ya wanyama ya mji huo ilimpelekea nyoka mchanga kutoka Afrika, mwenye urefu wa sentimita 76 hivi, ili amtambue. Schmidt aliona kwamba kichwa ni cha boomslang, lakini kibamba kimoja karibu na mkia, ambacho kwa kawaida huwa kimegawanyika kwa nyoka hao, kwa huyu kilikuwa kizima, na jambo hilo likamtia shaka. Akiwa bado anamchunguza, nyoka alimwuma kwenye kidole gumba. Alidhani kwamba mchanga kama yule hangeweza kumwua, akaandika kwa utaratibu dalili alizozihisi usiku ule, na siku iliyofuata akafa kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Mtu mwenye ujuzi wa maisha yote, aliyemshika nyoka mkononi kwenye mwanga mzuri, aliponzwa na tofauti ya kibamba kimoja na udogo wa nyoka.

Swali linaloulizwa sana baada ya mtoto wa nyoka kuonekana ni kama mama yake yuko karibu. Nyoka wengi hawalei; hutaga au huzaa na kuondoka. Chatu ni tofauti kidogo, kwa kuwa jike huyazingira mayai yake, na mwaka 2018 mtafiti Graham Alexander wa Afrika Kusini alieleza kwamba chatu wa kusini hubaki na vifaranga wake kwa muda wa wiki mbili hivi baada ya kuanguliwa. Kwa wengine, ni ndugu zake ndio wenye uwezekano mkubwa wa kuwa karibu, kwa hiyo inafaa kuliendea rundo la makuti au mawe hayo kwa reki ya mpini mrefu na viatu vilivyofunika mguu, siyo kwa mikono na ndara.

Mtu akitaka kweli kujua amemwona nani, apige picha kutoka mbali, angalau mita tatu au nne, kisha aikuze picha badala ya kumkaribia nyoka. Picha ya ubavu wa kichwa ndiyo yenye manufaa zaidi, kwa sababu huonyesha jicho, mboni na vibamba vya mdomo, ikifuatiwa na picha ya mwili wote. Aandike saa, mahali, kama nyoka alikuwa mtini, juu ya ardhi au ndani ya udongo, na alifanya nini alipogundua kuwa anaonekana. Wenyeji wa Malindi na Watamu wana bahati ambayo sehemu nyingi za Afrika hazina: Bio-Ken, inayojishughulisha na nyoka na tiba ya waliogongwa, ina watu wanaoweza kumtambua nyoka na kuja kumwondoa. Kumwua ili apelekwe kutambuliwa si njia nzuri. Watu wengi huumwa wakati wa kujaribu kuua, na kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma kwa muda.

Ikiwa tayari mtu ameumwa, utambuzi hushuka daraja. Kinachotakiwa ni kuvua pete na bangili, kuutuliza mguu au mkono usitikisike, na kumfikisha hospitalini haraka, bila kuchanja, kufyonza, kufunga kamba ya kukaza wala kubandika jiwe la nyoka. Dawa ya sumu inayokinga aina nyingi kwa pamoja inaweza kutumika dhidi ya kifutu, fira na koboko bila daktari kulijua jina la nyoka, kwa kuwa hutolewa kufuatana na dalili. Haimkingi mtu na boomslang, ambaye ana dawa yake ya peke yake inayotengenezwa Afrika Kusini, na hapo picha moja ya simu inaweza kuokoa saa nyingi. Pasipo na picha, mhudumu huweka mililita chache za damu ya mgonjwa katika chupa kavu na safi ya kioo, huiacha itulie kwa dakika 20, kisha huiinamisha; damu ikimiminika bila kuganda, sumu imeharibu ugandaji. Dalili za boomslang zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi, kwa hiyo kipimo hicho hurudiwa, na mgonjwa hubakizwa chini ya uangalizi kwa saa 24 angalau, hata kama yeye mwenyewe anasisitiza kuwa nyoka aliyemwuma alikuwa mdogo.